Huyu wa Mbele

Kuna wanaume ambao wakistaafu hukaa kibarazani wakasoma magazeti, na kuna wengine ambao wakistaafu huhamia kiti cha abiria katika magari ya wake zao. Indiketa alikuwa wa kundi hili la pili, na matatizo yote yalianzia hapo.

Jina hilo alipewa na madereva wenzake enzi anaendesha malori ya masafa marefu. Alikuwa akiwasha indiketa hata barabara ikiwa tupu, hata akiingia uani kwake ambako hakuna wa kumwona ila kuku. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka, yeye akaendelea kuwasha. Alistaafu bila kugonga hata bata, na hilo alilisema mara nyingi kuliko alivyoulizwa.

Mkewe watu walimwita Mama Miche. Miaka yote mume akiwa njiani, yeye aliujaza ua wa nyuma vitalu, akaanza na miche ya matunda, akaja maua, akafikia ile mimea mirefu ya vyungu ambayo maofisi huipanga mlangoni yaonekane na hadhi. Alinunua pikapu kuukuu inayoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, akaongeza na tela la kubebea vyungu. Kuendesha alifundishwa na mumewe, tena akafundishwa vizuri.

Ila pamoja na kuendesha, alifundishwa na lugha. Kwa Indiketa gari halikuwa kitu hata siku moja. "Usiseme 'hii inavuta,'" alikuwa akimwambia. "Sema 'huyu anavuta.' Ukimwita kitu, naye atakufanyia mambo ya kitu." Ndivyo wanavyosema madereva na mafundi: injini anakohoa, klachi amechoka, huyu tairi wa kulia ananisumbua. Mama Miche alilishika somo barabara, hata ikawa hakuna chuma ndani ya pikapu ile ambacho kwake hakikuwa mtu. Hilo nalo lishike, maana ndilo litakalomkosesha usingizi mzee wa watu.

Basi, asubuhi ya kwanza ya kustaafu, Indiketa alioga, akachana nywele zilizobaki, akachukua mto wake akaenda kukaa mbele. Mto wenyewe ulikuwa wa sponji, foronya yake ya mistari, na aliukalia katika malori yote aliyowahi kuendesha. Kila jioni aliuchomoa kitini akaingia nao ndani. Safarini, alieleza, kitu ukikiacha ndani ya gari usiku, asubuhi ni cha mwingine.

"Hapa uani kwetu," Mama Miche alimuuliza, "ni mwizi gani huyo mwenye shida ya mto uliokaliwa kiasi hicho?"

Yeye akaukumbatia mto wake akaingia nao ndani, hana hili wala lile.

Sasa, kukaa mbele si kosa. Kosa ni kwamba hakukaa tu. Mguu wake ulikanyaga breki ambayo upande ule haipo, mpaka kapeti likatoboka. Mdomo nao haukupumzika. "Kata. Kata tena. Nyoosha. Si hapo, mama, si hapo." Na mambo yakizidi kumkaa kooni, mkono wake ulijiendea wenyewe kwenye usukani. Mama Miche alimpenda mumewe, hilo lisikutie shaka. Lakini zilikuwepo siku alizotamani ule mkanda wa kiti ungefunga na mikono.

Ndipo ikaja kazi ya kupanga mimea kwenye ua wa ndani wa jengo jipya la ofisi. Kwa Mama Miche ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Njia ya kuingilia ilikuwa uchochoro kati ya kuta mbili, wenye kona katikati, na kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kugeuzia wakati wa kushusha, ilibidi tela liingizwe kinyumenyume. Chini palikuwa pametandazwa matofali mapya mekundu ya pevingi. Msimamizi wa jengo, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, aliyatazama matofali yale kama mtu anayetazama wajukuu wake wakilala, akasema neno moja tu.

"Yasikwanguliwe."

Kurudi nyuma na tela lililojaa vyungu kunataka mwendo wa konokono. Kwa gia ya kawaida pikapu ilirudi mbiombio, na ukitaka kuizuia ulilazimika kukanyaga klachi nusunusu mpaka anuke kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Ilikuwepo gia nzito, ya mwendo mdogo na nguvu nyingi, ambayo huingizwa kwa kile kifimbo kifupi kilicho kando ya fimbo ya gia. Lakini pikapu ile ilitengenezwa hivi: ukichukua gia nzito, na magurudumu ya mbele lazima yaanze kuvuta, utake usitake. Kwenye tope hiyo ni neema. Kwenye sakafu ngumu, ukikata kona, ni balaa. Ya mbele yanataka mwendo wake, ya nyuma mwendo wake, na kwa vile yamefungwa pamoja hakuna anayempisha mwenzake. Usukani unakaza, gari linarukaruka, matairi yanachuna kila yanachokanyaga.

Ndivyo ilivyokuwa Jumatatu ile. Mama Miche aliingiza gia nzito akaanza kurudi. Nyuma kabisa, katikati ya vyungu, alikaa mpakiaji wao, mwanamume mwenye mabega mapana na maneno machache ambaye kila mtu alimwita Kimya. Kufika kwenye kona, usukani ukakaza. Indiketa aliona mkewe anashindana nao, mkono ukamtoka. Yeye akavuta kulia, mkewe akavuta kushoto. Pikapu ikaruka, chungu kikubwa kikaporomoka, na matofali kadhaa ya pevingi yakang'oka yakabaki yamesimama wima.

Msimamizi aliinama, akaokota tofali moja, akalifuta vumbi kwa kiganja.

"Mtarudi Jumatatu ijayo," alisema. "Mkikwangua tena, nitatafuta mtu mwenye toroli."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama Miche hakusema kitu. Indiketa alivumilia mpaka nusu ya safari, kisha akasema, "Ungenyoosha mapema." Mkewe hakujibu, na kila aliyewahi kuoa anajua kwamba hapo ndipo mtu huanza kuomba ajibiwe hata kwa matusi.

Jioni hiyo Indiketa aliingia kuoga. Dirisha dogo la bafu lilitazama karo la nje, ambako Mama Miche alikuwa akisafisha glavu zake huku simu ameibana kwa bega. Alikuwa akizungumza na shemeji yake, mdogo wake Indiketa, fundi wa magari aliyejulikana kwa jina la Spana. Indiketa hakutega sikio. Sikio lilikuwepo tu, na maneno yakaja.

"Shemeji, nimechoka na huyu wa mbele," Mama Miche alisema. "Nataka umtoe."

Indiketa akaacha kujisugua.

"Si kwamba ni mbaya. Kwenye tope alinisaidia sana, sikatai. Lakini siku hizi kazi zangu ni za sakafu ngumu. Nikikata kona ananikazia. Mimi huku, yeye kule. Leo ameniaibisha mbele za watu."

Upande wa pili Spana alisema jambo refu.

"Hapana, wa nyuma peke yake ananitosha," Mama Miche akajibu. "Ana nguvu, hana kelele. Nitamleta Jumamosi. Umtoe bila kumharibu, isije siku nikamhitaji."

Wewe unajua, nami najua, kwamba mwanamke huyu alikuwa akizungumzia ekseli, mhimili unaozungusha magurudumu ya mbele. Alitaka gia nzito ibaki, magurudumu ya nyuma yavute, na ya mbele yaache kuingilia. Angesema "hii ya mbele," mumewe angemaliza kuoga kwa amani. Lakini alisema "huyu," kama alivyofundishwa na mwalimu wake, na mwalimu wake alikuwa amesimama na sabuni masikioni.

Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Huyu wa mbele. Nani mwingine anakaa mbele? Na wa nyuma, mwenye nguvu na asiye na kelele, ni nani kama si Kimya? Kilichomchoma zaidi kilikuwa lile la tope. Alikumbuka miaka ya mwanzo, watoto wadogo, vitalu havijaanza kuleta kitu, na mshahara wake wa lori ndio ulioivuta nyumba. Kwa hiyo lile lilikuwa tope, akajiambia, na sasa mkewe amefika kwenye sakafu ngumu. Maji yakampoa mwilini na hakuyahisi.

Kuanzia kesho yake Indiketa akawa mtu mwingine. Aliingia garini akaikunja miguu chini ya kiti. Mikono aliikalia. Walipita makutano yote ya mjini na yeye anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Unaumwa?" Mama Miche alimuuliza.

"Siumwi."

"Mbona husemi 'kata'?"

"Kukata unajua."

Mama Miche alishtuka kiasi kwamba nusura agonge geti la mteja. Nyumbani alikuta chai imechemshwa, miche imemwagiliwa, glavu zake zimeanikwa mbilimbili. Alimshika mumewe paji la uso, akaona hana homa, akazidi kuogopa. Kwa hesabu zake, mume aliyeanza kuanika glavu bila kuambiwa ama amefanya kosa kubwa ama yuko mbioni kulifanya.

Ijumaa Indiketa alipiga moyo konde akaenda gereji kwa mdogo wake. Spana alikuwa chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana, hivyo Indiketa akazungumza na miguu.

"Mdogo wangu. Nasikia kesho mnamtoa wa mbele."

Miguu ikatulia. "Ah, shemeji amekwambia? Afadhali. Mimi nilidhani utapinga."

"Sipingi. Nauliza tu, ana kosa gani?"

"Hana kosa, kaka. Mzima kabisa. Umri umekwenda, ndiyo, na kwa chini anavuja kidogo, lakini wote wa umri ule wanavuja. Si jambo la kumwonea aibu."

Indiketa, ambaye siku hizi aliamka usiku zaidi ya zamani kwenda msalani, akajiuliza ni nani anayetembeza siri za nyumbani.

"Kama ni mzima, kwa nini atolewe?"

"Kwa sababu anataka kusaidia mahali ambapo msaada hautakiwi. Kwenye tope, sawa, mwite. Kwenye sakafu ngumu anashindana na mwenzake tu, na anayeumia ni shemeji, kung'ang'ana na usukani."

"Na huyo wa nyuma ataweza peke yake?"

"Wa nyuma?" Spana alicheka huko chini. "Wa nyuma ana nguvu kama ng'ombe. Nimemshauri tu shemeji asimkamie sana, amtumie taratibu."

Indiketa alitafuta kitu cha kushika, akashika kioo cha pembeni cha gari la watu.

"Na huyu wa mbele atakwenda wapi?" aliuliza, na sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyotaka.

"Haendi popote. Abaki pale pale. Namwondolea nguvu tu, basi."

Hilo lilimkata maini kuliko yote. Kufukuzwa mtu anaweza kuvumilia, akavaa kofia yake akaondoka. Lakini kubaki pale pale, umekaa mbele, huna nguvu, na kila mtu anajua huna nguvu? Indiketa alimuaga mdogo wake kwa adabu nyingi mno, mpaka Spana akachungulia kuona kama aliyekuwa akizungumza naye kweli ni kaka yake.

Jumamosi wote walikuwa gereji. Pikapu iliinuliwa, na Spana akazama chini yake na sahani ya kukingia mafuta. Kazi yenyewe, ukiijua, si ya kutisha. Nyuma ya gia boksi kuna boksi la pili, wenyewe huliita transfa, linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ndani yake kuna fimbo mbili za chuma, moja ya gia nzito na moja ya kuunganisha mbele, na kati yake kumewekwa pini ndogo inayokataza ya kwanza kusogea mpaka ya pili isogee. Ukiitoa pini, kila fimbo inajitegemea. Spana alikuwa ameshachonga kifimbo kingine cha pembeni, ili ndani ya gari viwe viwili: kimoja cha uzito wa gia, kingine cha kumwita wa mbele pale anapohitajika.

Mama Miche alifungua mlango achukue kitambaa cha kufutia mikono. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

"Mto wako uko wapi?"

"Nyumbani," Indiketa alisema. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, kama mtu aliyeitwa kwenye kikao.

"Mchana huu? Umeusahau?"

"Sikuusahau. Nimeutoa mwenyewe, nisingoje kutolewa."

Mama Miche aliacha mlango wazi. "Kutolewa na nani?"

"Nilikusikia, mama. Ukiongea na huyu." Alionyesha miguu ya Spana. "Wa mbele atoke, wa nyuma anakutosha. Sina ugomvi. Kimya ni mtu mzuri, ana nguvu, hapigi kelele. Na akae mbele. Ila mimi ningependa uniambie mwenyewe, nisiyasikie nikiwa naoga. Imeniuma. Sikufichi, imeniuma sana."

Chini ya gari spana ilianguka. Kisha Spana mwenyewe akajiburuta akatoka, uso umejaa mafuta, kiganjani ameshika pini yenye ukubwa wa punje ya mahindi.

"Kaka," alisema. "Wa mbele ni ekseli."

Indiketa aliitazama pini, akamtazama mdogo wake, akaitazama ekseli ya mbele ambayo kweli ilikuwa inavuja kidogo kwa chini.

"Na anayevuja?"

"Ni huyo huyo."

Spana alianza kucheka kidogo kidogo, akajizuia, akashindwa, ikabidi akae juu ya tairi kuukuu. Kimya, ambaye alikuwa ameegemea nguzo akila karanga, aliona inampasa naye aseme neno.

"Mimi mbele sikai," alisema. "Nasikia kichefuchefu."

Mama Miche peke yake hakucheka. Alimwendea mumewe akasimama mbele yake, karibu.

"Tangu Jumatatu umekuwa ukifikiri hivyo?"

"Tangu Jumatatu."

"Na chai ukawa unanichemshia?"

"Chai unaipenda. Hiyo haihusiani."

Hapo ndipo macho yakamjaa. Akaketi kwenye ngazi ya gari, akamvuta shati lake la pasi mpaka naye akaketi, na kwa muda alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

"Sasa nisikilize," alisema alipotulia. "Nilikuwa nasema ekseli. Lakini sitakudanganya. Nusu ya yale niliyoyasema ni yako pia."

"Nusu ipi?"

"Ya kwenye kona."

Indiketa alitaka kusema kwamba ameendesha maisha yake yote bila kugonga hata bata, akaona bata huyo ameshachoka kutajwa.

"Shemeji," Mama Miche aligeuka, "mweleze kaka yako huyo wa mbele umemfanya nini."

Spana alifuta machozi kwa mkono wa mafuta, akajipaka zaidi. "Hajatolewa, kaka. Nilichotoa ni hii pini tu. Yupo pale pale, anazunguka na wenzake safari nzima. Ila havuti mpaka aitwe. Akiitwa, anavuta kama zamani."

"Basi," Mama Miche alimwambia mumewe, "hivyo hivyo ndivyo ninavyokutaka."

Maneno yalikuwa yale yale yaliyomkata maini Ijumaa, na ajabu ni kwamba safari hii hayakumkata. Pengine ni kwa sababu aliambiwa ameshikwa shati.

"Na nikiona unakaribia kugonga?"

"Sema. Mara moja."

"Na kwenye kona?"

"Kwenye kona niachie."

Jumatatu ilipofika, vyungu vilipangwa usiku ungali unaondoka, Kimya akapanda katikati yake, na Indiketa akaukuta mto umeshawekwa kwenye kiti. Akaukalia bila kufikiri. Uchochoroni Mama Miche alisimama, akasukuma kifimbo cha kwanza, gia nzito ikaingia. Kifimbo cha pili hakukigusa. Akaachia klachi taratibu, akaondoa mguu kabisa, na pikapu ikaanza kurudi yenyewe, polepole, kama bibi anayetafuta miwani.

Msimamizi wa jengo alitembea kando akitazama chini tu. Kona ikafika. Indiketa aliukalia mkono wa kulia, akaukalia na wa kushoto. Alimwona mkewe anakata mapema kidogo kuliko ambavyo yeye angekata. Neno lilimjia hadi kwenye meno, akalimeza na likashuka kwa shida. Usukani haukukaza. Matairi hayakulia. Tela lilipinda, likanyooka, likaingia uani katikati ya kuta mbili bila hata jani kutikisika, na Indiketa akagundua kwamba mapema kidogo ndiko kulikotakiwa.

Msimamizi alichuchumaa akapapasa pevingi kwenye kona. Alipapasa kwa muda mrefu, kama mtu anayetamani kupata dosari.

"Shusheni," alisema.

Indiketa alikuwa na furaha, na ndani ya furaha kulikuwa na kitu kidogo kilichouma. Mkewe aliweza peke yake. Alikuwa amemfundisha mwenyewe ili aweze peke yake, na ameweza. Sasa kwa nini roho inamuuma? Alikaa kwenye mto wake akatazama vyungu vinavyoshushwa.

Kutoka, msimamizi aliwaelekeza lango la nyuma, tela likiwa tupu, kupitia upande ambao mafundi ujenzi hawajaumaliza. Huko hapakuwa na pevingi. Palikuwa na mteremko wa udongo, na bomba lililokuwa likivuja tangu asubuhi lilikuwa limeufanya uji. Katikati ya mteremko magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, tope likamrukia Kimya hadi kwenye nyusi, na tela likaanza kuteleza kuelekea mfereji.

Mama Miche alikanyaga breki. Akasukuma kifimbo cha pili.

"Haya, huyu wa mbele," alisema. "Sasa."

Indiketa akamgeukia. "Mimi au yeye?"

"Wote. Huku kushoto sioni kitu, mfereji uko wapi?"

Hakungoja kuulizwa mara mbili. Alishusha kioo, akatoa kichwa na nusu ya kifua nje. "Umekukaribia. Kata kulia. Kata tena. Shikilia hapo, usiongeze mafuta. Acha avute. Anavuta, mama, anavuta. Nyoosha." Magurudumu ya mbele yalishika udongo mgumu, pikapu ikajikokota, tela likaufuata mstari wake, na mfereji ukapita chini ya pua ya Indiketa ukabaki nyuma.

Langoni barabara ilikuwa tupu pande zote. Mama Miche aliwasha indiketa, akasubiri kidogo, akaingia. Mumewe aliona, akatazama dirishani upande wake, na mpaka wanafika nyumbani hakuugeuza uso wake.

Uani kuku waliwapisha. Kimya alishuka akaenda moja kwa moja kwenye bomba. Indiketa alifungua mlango, akateremka, na kwa mazoea yake ya miaka yote akageuka, akaushika mto wake aingie nao ndani. Akauvuta. Haukuja. Akauvuta tena kwa mikono miwili, akainama kutazama. Pembeni kote, kutoka mwanzo hadi mwisho, ulikuwa umeshonewa kwenye kiti kwa uzi wa katani, ule wa kushonea magunia, mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona.

"Huyo muache," Mama Miche alisema, akivaa glavu zake kwenda kumwagilia. "Huyo hatoki."